Mdomo Usiojua Habari za Miguu

Ukiwa sebuleni huhisi kwamba sauti husafiri. Kijiko kikianguka jikoni unakisikia papo hapo. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani ni habari nyingine. Una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo, na sauti, hewa ikiwa na joto la kawaida, hukata mita 343 kwa sekunde. Msimamishe mpiga tarumbeta ncha moja ya uwanja na mpiga ngoma ncha ya pili: mlio wa ngoma utamfikia mwenye tarumbeta baada ya zaidi ya robo sekunde. Katika wimbo wa midundo 120 kwa dakika, nafasi kati ya mdundo na mdundo ni nusu sekunde tu. Kijana huyo akiifuata ngoma kwa sikio, kama alivyofunzwa tangu alipoanza kushika ala, atakuwa amechelewa nusu mdundo kabla hajapuliza. Na sauti yake nayo ina safari yake hadi kwa watazamaji. Wao watasikia vurugu. Yeye atashangaa, maana masikioni mwake kila kitu kilikaa sawa.

Hilo ndilo balaa la muziki wa gwaride: kadiri sikio lilivyo zuri ndivyo linavyoweza kumpoteza mwenye nalo. Kijana wa kawaida humfuata jirani yake na mambo yakaisha. Kijana mwenye kipaji anasikia mbali, anasikia vingi, na anataka kujipanga na kila anachokisikia. Kumfundisha huyo ni kazi ya mtu aliyewahi kubanwa na shida hiyohiyo, na hapo ndipo wanapoingia askari wanamuziki.

Kuanzia 2008, kila Januari kwa miaka kadhaa, Jeshi la Marekani lilikusanya mjini San Antonio, Texas, vijana hadi 125 wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wapigaji pamoja na wacheza bendera, waliochaguliwa kutoka pande zote za nchi. Chama cha walimu wa muziki cha nchi hiyo, NAfME, kilishiriki, na vilevile Drum Corps International, chombo kinachosimamia mashindano ya vikosi vya ngoma na matarumbeta. Vijana walifika wakiwa hawajuani. Walikuwa na siku chache tu za kujifunza onyesho zima kabla ya kuingia uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi ya nyota wa futiboli wa sekondari, ndani ya Alamodome, uwanja mkubwa wenye paa. Miongoni mwa walezi wao walikuwa askari wa U.S. Army Field Band, bendi iliyoundwa 1946, yenye makao Fort Meade, Maryland, na ambayo kazi yake kubwa ni kuzunguka nchi ikiwapigia raia. Udhamini wa Jeshi kwa mechi hiyo ulikoma baada ya Januari 2018. Ufundi wenyewe, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu, haukuanza na mechi ile wala haukuisha nayo.

Fikiria vijana 125, kila mmoja bingwa wa shule yake. Amezoea kupewa sehemu ya peke yake, amezoea wazazi kumtambua kwa sauti tu hata wakiwa viti vya juu kabisa. Ukiwaweka hao pamoja na kuwaambia wapige, kinachotoka ni mashindano ya watu 125. Mwalimu wa kawaida wa shule hajawahi kuwa na tatizo hilo. Shida yake ni kinyume chake, mabingwa wanne na wengine arobaini wa kubebwa. Lakini bendi kubwa za jeshi la Marekani ndivyo zilivyo siku zote. Nafasi moja ikitokea hugombewa na wapigaji wengi, aghalabu waliohitimu vyuo vikuu vya muziki, na usaili hufanywa nyuma ya pazia ili wasikilizaji wasijue ni nani anayepiga. Aliyefaulu, kama ni wa Jeshi la nchi kavu, hupelekwa mafunzo ya msingi ya kijeshi ya majuma 10, akatambae na kulenga shabaha pamoja na wengine, ndipo arudi kwenye ala yake. Akishaketi kitini anagundua kwamba wa kushoto kwake na wa kulia kwake nao walikuwa mabingwa. Sajini wa namna hiyo akimwambia kijana apunguze sauti, anajua anachomwomba.

Kazi huanza na miguu.

Hatua ya askari wa Marekani kwa mwendo wa kawaida ni inchi 30, kama sentimita 76, hatua 120 kwa dakika. Bendi za shule za nchi hiyo hutumia hatua fupi zaidi: nane kwa kila yadi tano, ambayo ni inchi 22 na nusu, kama sentimita 57. Sababu iko wazi ukitazama uwanja. Mistari mikubwa imechorwa kila baada ya yadi tano, na sehemu nyingi za muziki huenda kwa mafungu ya midundo minne minne. Hatua nane humfikisha mtu mstarini na fungu la muziki likaisha naye. Hatua ya jeshi huufikisha mguu mstarini kwa hatua sita, na bendi za zamani za vyuo zilitembea hivyohivyo. Maana yake ni kwamba sajini anayefika San Antonio kumfundisha mtoto kutembea lazima kwanza autoe mwilini mwake mwendo wa kambini. Napenda jambo hilo. Mwalimu naye ana la kujifunza.

Hatua yenyewe haifanani na ya askari. Kisigino hutangulia, vidole vimeinuliwa kuelekea ugoko, kisha unyayo unateremka polepole kuanzia nyuma hadi mbele, na uzito unahama bila kushuka wala kupanda. Anayekwenda kinyumenyume hutembea kwa ncha za miguu, visigino havigusi nyasi. Anayekwenda pembeni huigeuza miguu upande wa safari huku mabega yakibaki yakiwatazama watazamaji, kiuno kikiwa ndicho kinacholipa deni la pande zote mbili. Yeyote aliyekulia mahali ambapo maji yanachotwa mbali amewahi kuuona mwendo huu: ni wa mama aliyetwika ndoo iliyojaa, ambaye miguu yake inapita kwenye mawe na mashimo huku maji juu ya kichwa hayatikisiki.

Kwa nini shida yote hiyo? Kwa sababu ya midomo. Mpiga tarumbeta hushikilia kikombe kidogo cha chuma dhidi ya midomo, na midomo ndiyo inayotetema kutoa sauti. Kisigino kikigonga ardhi, mshindo hupanda ugoko, paja, kiuno, uti wa mgongo, shingo, hadi kwenye meno. Kikombe kinaruka kidogo sana, jicho haliwezi kuona, lakini noti ndefu iliyopaswa kunyooka inapata makunyanzi, moja kwa kila hatua. Mpiga filimbi ana hali mbaya zaidi: tundu likihama kidogo tu kutoka kwenye mdomo, sauti hupotea kabisa. Mpiga klarineti akitikisika, ala hupiga ukelele ambao hakuna asiyeusikia. Msikilizaji mwenye sikio zuri anaweza kufumba macho na kukuambia bendi inatembea vibaya.

Kwa hiyo askari hamfundishi kijana kutembea na kupiga kwa mkupuo mmoja. Anazitenga kazi mbili hizo kisha anazirudisha pamoja taratibu. Kwanza wanatembea wakiimba sehemu zao. Kuimba hakudanganyi; hatua ikiwa nzito, sauti ya koo inatetereka na mwimbaji mwenyewe anajisikia. Halafu wanatembea na ala mdomoni, vidole vikifanya kazi, pumzi ikipita bila sauti. Uwanja mzima unavuma upepo tu. Hapo mwalimu anasikia pumzi ya nani inakatika wapi, jambo ambalo noti zingelificha. Mwisho kabisa ndipo wanaruhusiwa kupiga, na kwa sauti ya chini, maana kupuliza kwa nguvu huficha makosa ya miguu.

Kuhusu pumzi kuna habari ya kando inayofaa kutajwa. Mazoezi ya pumzi ambayo bendi nyingi za shule za Marekani hufanya kila asubuhi, kuvuta kwa hesabu fulani na kutoa kwa hesabu nyingine huku mikono ikichora njia ya hewa, yalienezwa sana na wapiga tuba wawili, Sam Pilafian na Patrick Sheridan, katika kitabu chao kiitwacho The Breathing Gym. Sheridan aliwahi kupiga katika bendi ya Marines, ile iliyoundwa 1798 na inayompigia Rais. Haishangazi kwamba ni wapiga tuba waliolifanya jambo hilo somo. Ala hiyo hula hewa kuliko nyingine zote.

Na ndugu yake, susafoni, ile inayomzunguka mtu mwilini na kufunua mdomo mkubwa juu ya kichwa chake, imepewa jina la John Philip Sousa, aliyeiongoza bendi hiyohiyo ya Marines kati ya 1880 na 1892. Sousa aliitaka kwa ajili ya ukumbini, na ya kwanza, iliyotengenezwa na J.W. Pepper mwaka 1893, mdomo wake ulitazama juu ili sauti iwamwagikie wote. Gwaride lilikuja kuichukua baadaye. Kijana anayeibeba ana zaidi ya kilo 10 za shaba kwenye bega moja na bado anatakiwa asiyumbe.

Turudi kwenye sikio, maana hapo ndipo ninapouona ustadi wenyewe.

Kanuni ya uwanjani ni moja na inasemwa kwa ufupi: sikiliza nyuma. Ngoma huwekwa katikati kwa nyuma. Wapigaji walio mbele ya ngoma, upande wa watazamaji, wanaruhusiwa kuzifuata kwa sikio. Ukiufuatilia mlio wa ngoma utaelewa. Unatoka nyuma kuelekea jukwaani. Unampita mpiga melofoni, naye anapiga sawasawa unapompita, na sauti zao mbili zinaendelea mbele zikiwa bega kwa bega. Unampita mpiga filimbi, naye anajiunga. Mwishowe zinawafikia watazamaji zote kwa pamoja. Kwenye saa ya ukutani watu hao hawakupiga wakati mmoja hata kidogo. Masikioni mwa watu waliolipa kiingilio, walipiga pamoja kabisa.

Walio nyuma ya ngoma, na walio mbali pembeni, wananyimwa sikio. Wanapaswa kutazama mikono ya dramu meja, yule kiongozi aliyesimama juu ya kijukwaa mbele, na kupiga kwa kile wanachokiona, hata kama kila wanachokisikia kinapiga kelele kwamba wamekosea. Mwanga hauchelewi kwa umbali huo; sauti ndiyo inayochelewa. Kiongozi wa ngoma naye hutazama mikono hiyohiyo. Mstari mmoja tu wa macho, kutoka mikononi mwa dramu meja hadi katikati ya ngoma, ndio unaobeba wakati wa bendi nzima. Ukikatika, hakuna wingi wa vipaji utakaowaokoa.

Ukimweleza kijana mwenye sikio kali mambo haya, atatikisa kichwa kukubali, kisha muziki ukianza atalifuata sikio lake. Hawezi kujizuia, ndilo lililompa kila sifa aliyowahi kupata. Maneno hayatoshi. Dawa yake ni kumtoa mstarini, kumpandisha juu jukwaani na kumwacha asikilize wenzake wakipiga bila yeye. Akiwa huko anasikia kwa masikio yake mwenyewe kundi la pembeni likichelewa, na anajua kwamba nafasi iliyo wazi katika kundi hilo ni yake. Akishuka, anatazama mikono. Njia nyingine ni kipaza sauti chenye mlio wa metronomi, ambacho huwekwa nyuma ya bendi, kamwe si mbele. Mgeni angedhani ni usahaulifu wa mafundi mitambo. Kumbe ndiyo somo lote, limewekwa mahali ambapo mwili utalizoea hata akili ikikataa.

Askari ana sababu zake za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika majeshi ya zamani muziki wa uwanjani ulikuwa njia ya kupitisha amri: ngoma ilisema inukeni, kusanyikeni, songeni, rudini. Jeshi la Marekani bado lina kikosi kinachohifadhi ufundi huo, Fife and Drum Corps cha Kikosi cha 3 cha Watembea kwa Miguu, kilichoundwa 1960. Hupiga filimbi za mbao na ngoma za kukazwa kwa kamba, nao huvaa makoti mekundu ingawa askari wengine wa karne ya 18 walivaa ya buluu. Katika jeshi la George Washington wanamuziki walipewa rangi zilizogeuzwa ili kamanda awatambue haraka ndani ya moshi wa baruti, maana bila wao amri hazikufika. Dramu meja wao hashiki fimbo ya kawaida. Hushika mkuki mrefu wa maofisa wa karne ya 18 na kuuinua au kuulaza kutoa amri, bila kutamka neno.

Kwenye ngoma urithi huu unaonekana waziwazi. Mpiga ngoma mdogo wa shule ya Marekani anayeshika kijiti cha mkono wa kushoto kwa kukilaza kati ya kidole gumba na vidole vingine, kiganja kikitazama juu, anashika kama mwanajeshi ambaye ngoma yake ilining'inia kwa mkanda na kulala upande wa paja. Ngoma ya leo hubebwa kwa fremu na iko tambarare; mshiko ule haulazimiki tena. Wengi wanaudumisha. Tena mapigo yenyewe yana majina na orodha. Mwaka 1933, huko Chicago, wapiga ngoma waliokutana wakati wa mkutano wa American Legion, chama cha maveterani, walianza kuyapanga, na orodha ya mapigo 26 ya msingi ikatokana na chama chao. Baadaye, mwaka 1984, iliongezwa hadi 40.

Kabla yao alikuwapo Sanford Moeller. Huyu aliwatafuta wazee waliokuwa wapiga ngoma katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wale wa 1861 hadi 1865, akawatazama mikono. Aliona kwamba hawakupiga kwa nguvu za kifundo. Mkono mzima uliinuka na kuanguka kwa uzito wake, na pigo moja kubwa likazaa mengine madogo kwa mruko wake. Ndiyo sababu waliweza kupiga siku nzima wakitembea. Kitabu chake kilitoka 1925, na mbinu hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Gene Krupa, mpiga ngoma mashuhuri wa jazi, alisoma kwake. Sajini wa ngoma anapomshika kijana kiwiko na kumwambia aache mkono uanguke, anampa kitu kilichotoka kwa wavulana waliopiga ngoma mbele ya mizinga, kikapita kwa mtu mmoja mdadisi mwenye subira ya kutazama. Sijui taaluma nyingi zenye ukoo mfupi na safi namna hiyo.

Kuna sehemu ya kazi ya askari mwanamuziki ambayo vijana hawaioni uwanjani, nayo ndiyo inayompa mamlaka anapozungumzia makosa. Ni mazishi. Wimbo uitwao Taps, ulioanza kutumika 1862 katika kambi ya jeshi la Muungano huko Virginia chini ya Jenerali Daniel Butterfield, una noti 24 tu. Unaweza kupigwa kwa ala isiyo na vali hata moja, midomo peke yake ikichagua noti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaumudu sebuleni kwao. Tarehe 25 Novemba 1963, Sajini Keith Clark wa Bendi ya Jeshi la Marekani aliupiga makaburini Arlington kwenye maziko ya Rais John Kennedy. Alikuwa amesimama kwenye baridi kwa saa kadhaa bila nafasi ya kupasha midomo joto, bunduki za heshima zikapigwa karibu naye, na dunia ilikuwa ikitazama. Noti ya sita ilipasuka.

Clark alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa wakati wake, na alikuwa ameupiga wimbo ule bila dosari mara nyingi sana. Wapo walioichukulia noti ile iliyovunjika kuwa kilio, wakadhani ilikusudiwa. Mpiga tarumbeta yeyote anajua haikukusudiwa. Kinachonivutia mimi ni noti ya saba. Ukiisikiliza rekodi, inakuja mahali pake, kwa wakati wake, imenyooka, na zilizobaki nyuma yake vilevile. Hakuharakisha ili amalize. Hakusita. Mtu wa kawaida akijikwaa mbele ya watu hugeuka kutazama jiwe.

Hilo lafundishika, na ni somo la mazoezi. Katika bendi ya shule, mtoto akikosea hukunja uso, hutoa ala mdomoni, hutazama vali zake kana kwamba ndizo zenye hatia. Mlezi askari hamkemei kwa noti. Humkemea kwa uso. Noti imekwisha ondoka, haikamatiki. Uso uliokunjwa unaonekana na watu maelfu, na aliye nyuma yake ataanza kujiuliza kama yeye ndiye aliyekosea, na sasa makosa ni mawili. Basi wanarudia kifungu kilekile, na sharti ni moja: likitokea lolote, hatua inayofuata iwe ya sentimita 57.

Kwamba wanajeshi wanafundisha watoto wa shule muziki si jambo geni kwa Marekani. Mwaka 1918 Jenerali John Pershing, akiwa Ufaransa na kuona bendi zake ni duni, alimwomba mwongoza okestra Walter Damrosch asimamie shule ya viongozi wa bendi huko Chaumont. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wengi waliopitia bendi za kijeshi walirudi makwao na kuajiriwa na shule, na mwaka 1923 shindano la kwanza la taifa la bendi za shule likafanyika Chicago. Vikosi vya vijana vya ngoma na matarumbeta navyo vilizaliwa kwenye matawi ya vyama vya maveterani kama American Legion. Drum Corps International ilipoanza kuendesha ubingwa wake mwaka 1972 ilikuwa inarithi mambo yaliyoanzia huko.

Pwani yetu inalijua hilo kwa namna yake. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Mombasa, Lamu na kwingineko walikuwa wakitazama bendi za kijeshi na za kigeni zikipita, wakaanzisha beni: sare, vyeo vya mfalme na jenerali, mwendo wa gwaride, mashindano makali kati ya vyama vya Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 iliibeba beni pamoja na askari na wapagazi hadi bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Tofauti ni kwamba hakuna sajini aliyetumwa kuwafundisha. Walikaa pembeni mwa uwanja wa gwaride wakaiba kwa macho, na wizi huo ukawafikisha mbali.

Jeshi la Marekani, kwa upande wake, halikugharimia San Antonio kwa kupenda sanaa tu. Ile mechi, pamoja na bendi yake, ilikuwa sehemu ya juhudi za kuwavutia vijana waandikishwe, na mzazi aliyempeleka mwanawe alifaa kulijua hilo tangu mwanzo. Mimi sioni haja ya kulificha wala kulitia chumvi. Husemwa kwamba majeshi ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote wa wanamuziki nchini humo. Kwa kijana anayetaka kuishi kwa tromboni hiyo ni habari muhimu, na ni afadhali aisikie kutoka kwa mpiga tromboni kuliko kutoka kwa afisa wa uandikishaji. Katika bendi kubwa za Jeshi la nchi kavu huko Washington na Fort Meade, anayepokelewa huanza na cheo cha Stafu Sajini, mshahara unaoingia kila mwezi, na kazi ambayo wenzake aliosoma nao chuoni wanaiota. Akitaka, atasimama nyuma ya pazia kama wengine na kupiga vipande vifupi mbele ya watu wasiomwona.

Wengi hawatataka, na si hasara kwa yeyote. Januari bado ni katikati ya mwaka wa masomo. Kijana anarudi shuleni kwake akiwa na miezi michache kabla ya kuhitimu, na katika bendi za Kimarekani ni desturi wakubwa kuwafundisha wadogo: mpiga tarumbeta mkuu hupewa watoto wa miaka 14 kwenye maegesho ya magari yaliyochorwa mistari ya chokaa, na mwalimu anaondoka kwenda kwa wapiga klarineti. Wale watoto watataka kupiga mara moja, tena kwa nguvu. Kama alisikiliza vizuri kule Texas, atawaambia waweke ala chini kwanza, na ataanza na kisigino.